Mtandio wa pamba wa mama mdogo: shajara ya kazi

Machi, wiki ya kwanza

Kazi nimeipokea. Mama mdogo anamwoza binti yake mwishoni mwa Juni, nyumbani kwao Ujiji, na siku ya nikahi anataka kujitanda mtandio uliofumwa kwa mkono: mweupe wa maziwa, mwepesi, wenye matundu. Nilimuuliza kwa nini asinunue, maana maduka yamejaa mitandio. Akanijibu: "Mwanangu, ile ya nailoni inateleza. Mchana kutwa mkono mmoja uko kichwani unaurudisha. Siku hiyo watu wanakuja kunipongeza, nitawapokea kwa mkono gani?"

Jibu hilo nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari, maana ndilo agizo lenyewe. Mtandio utulie kichwani bila pini. Usimtie joto, na Ujiji kwa joto haijambo. Ufulike kwa sabuni ya kawaida. Na uwe na umbo ambalo wanawake wa huku wanalijua, yaani mstatili mrefu wa kujitanda na kutupia ncha begani, wala si ile pembetatu ya mabegani tunayoiona kwenye picha za watu wa ng'ambo.

Kwa masharti hayo, uzi umejichagua wenyewe. Nyuzi za sweta zinazouzwa sokoni Mwanga, hapa Kigoma, ni laini na za bei nafuu, lakini ni za plastiki, hazinyonyi jasho. Sufu halisi sijaiona madukani huku, na hata ningeiona ingempikisha mtu mzima wa watu. Itakuwa pamba, ile nyembamba tunayofumia vitambaa vya makochi. Nina donge lililobaki kwenye kazi ya mwaka jana, litanitosha kwa majaribio.

Machi, wiki ya pili

Kabla sijashika sindano, nataka niiandike shida ya pamba ili nisijidanganye huko mbele.

Lesi, yaani vitambaa vya matundu vinavyofumwa kwa sindano mbili, zile zinazosifika duniani zilizaliwa kwenye baridi. Huko Unst, kisiwa cha Shetland kilicho kaskazini kabisa mwa Uingereza, wanawake walifuma shali nyembamba kiasi kwamba shali nzima iliweza kupitishwa ndani ya pete ya ndoa. Orenburg, Urusi, wanafuma kwa manyoya laini ya mbuzi. Haapsalu, mji mdogo wa pwani ya Estonia, nao una shali zake zenye vinundu kama punje. Nimezipenda kazi hizo miaka mingi. Ila zote ni za sufu au manyoya, na michoro yake imepangwa kwa kufuata tabia ya sufu. Unywele wa sufu umejikunja kwa asili yake. Ukiulowesha, ukauvuta na kuubana kwa pini mpaka ukauke, unabaki ulivyoubana, na mtu akiuvaa bado unavutika na kurudi. Tena una vinyweleo vinavyojaza nafasi ndogo ndogo na kuficha hitilafu.

Pamba haina hata kimoja katika hivyo. Ikivutika imevutika. Uzito wake wenyewe unaishusha chini. Haina vinyweleo, kwa hiyo kila kitanzi kinaonekana kilivyo, kama kimekaa upande kimekaa upande. Mchoro wa Shetland ukiuhamishia kwenye pamba bila kubadili kitu, utatoa kitambaa kizito kinachorefuka kila kikianikwa.

Kwa upande wa pili, pamba ina heshima zake. Ikilowa inazidi kuwa na nguvu, wakati sufu ikilowa inadhoofika, ndiyo maana nguo ya pamba inavumilia kufuliwa na kufuliwa. Na huu uzi wangu una mng'ao mdogo ambao hautoki kwenye rangi. Umepitishwa kwenye kostiki soda, dawa kali ya kiwandani, huku umevutwa. Mwingereza John Mercer ndiye aliyeona, mwaka 1844, kwamba kostiki soda inaivimbisha pamba na kuiongezea nguvu, na kwamba baada ya hapo inashika rangi vizuri zaidi. Mng'ao ulikuja miaka mingi baadaye, watu walipoanza kuuvuta uzi usinywee ukiwa humo ndani ya dawa. Kwa mtandio wa harusi mng'ao huo ni neema, kwa kuwa mweupe usio na mng'ao unaweza kufanana na bendeji.

Kwa hiyo nakata shauri hivi. Matundu yawe machache na makubwa, yaliyo wazi, kuliko kuwa mengi na madogo. Pembeni kote kuwe na ukingo mgumu wa vitanzi vitano usiolegea. Na katika mchoro kuwe na safu zenye mgongo, zile zinazotokea ukifuma kinyume upande wa mbele, kwa sababu migongo hiyo inazuia kitambaa kisirefuke ovyo.

Machi, katikati

Mawimbi kwanza. Kuna mchoro wa zamani wa Shetland ambao kila mfumaji wa lesi huuanzia, unaokwenda kwa vitanzi 18. Unaunganisha vitanzi viwili viwili mara tatu. Kisha unazungusha uzi kwenye sindano, na hapo ndipo tundu linapotokea, halafu unafuma kitanzi kimoja, mara sita. Kisha unaunganisha tena viwili viwili mara tatu. Vitanzi sita vimeondoka, sita vimezaliwa, hesabu imebaki 18. Lakini kwa kuwa vinavyoondoka vyote vimerundikwa pembeni na vinavyozaliwa vyote viko katikati, kitambaa kinashindwa kukaa mstari mmoja: katikati kinabinuka, pembeni kinadidimia, na ukingo wa mwanzo unatoka na mawimbi. Safu hiyo inakuja mara moja katika kila safu nne. Nyingine ni za kawaida, isipokuwa ile inayofuata matundu, ambayo inaacha mgongo upande wa mbele.

Huu ndio mchoro ninaoutaka kwenye ncha mbili za mtandio. Ziwa liko hapa, mawimbi ninayaona kila siku, sihitaji kwenda mbali.

Nimebadili jambo moja. Katika sufu, maunganisho yote yanaelemea upande mmoja na hakuna anayejali, vinyweleo vinafunika. Katika pamba yataonekana yamelala kama majani yaliyopigwa na upepo. Sasa ukiunganisha vitanzi viwili kwa njia ya kawaida, kile cha kushoto kinakaa juu na mstari unaelemea kulia. Ukivigeuza kwanza kimoja kimoja ndipo ukavifuma pamoja kwa nyuma, cha kulia kinakaa juu na mstari unaelemea kushoto. Basi mwanzoni mwa kila wimbi naelemeza kulia, mwishoni naelemeza kushoto, na mistari ya mawimbi mawili jirani inakutana bondeni. Nimefuma mawimbi mawili tu kwa jaribio na bonde limetoka safi, lina mfereji unaoonekana hata ukisimama mlangoni.

Machi, wiki ya mwisho

Leo ni hesabu.

Kipande cha majaribio: vitanzi 46, yaani mawimbi mawili ya 18 pamoja na kingo mbili za vitanzi vitano. Safu 56. Nimekifua, nimekibana kwa pini, kimekauka, kisha nimekitundika kwenye kamba kwa vibanio usiku kucha na vibanio vingine vikining'inia chini yake kama uzito. Pamba usiipime kabla haijatundikwa. Asubuhi kimesoma vitanzi 22 kwa sentimita 10 za upana, na safu 28 kwa sentimita 10 za urefu. Kwenye mizani ya jikoni kina gramu 7.

Mtandio wa mama mdogo anaoupenda nimeupima: upana sentimita 70, urefu 180. Upana wa 70 kwa vitanzi 22 kila sentimita 10 ni vitanzi 154. Ukitoa 10 vya kingo unabaki na 144, na 144 ni mawimbi manane kamili. Nilipoona imegawanyika bila baki nilifurahi kweli, maana mara nyingi hapa ndipo mtu anapoanza kukatakata mchoro.

Urefu wa 180 ni safu 504. Vitanzi vyote ni 154 mara 504, yaani 77,616. Kipande changu kina vitanzi 2,576 kwa gramu 7. Mtandio ni vipande kama hicho thelathini na kidogo, kwa hiyo gramu 210 hivi. Madonge ya gramu 50 yanahitajika matano. Mtoto wa mjomba yuko Dar, nimemwomba aniletee kutoka Kariakoo akija na treni. Nimemsisitizia aangalie karatasi ya kila donge: namba ya rangi iwe moja kwa yote matano. Weupe wa maziwa una ndugu wengi, na usiku dukani wote wanafanana. Tofauti inaonekana mtandio ukishafika nusu.

Aprili, mbalamwezi

Uzi haujafika. Nimeshuka Kibirizi, ufukoni kwa wavuvi, na kipande changu kwenye mkoba. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliwi, taa hazina kazi, mitumbwi imetulia na watu wanashona nyavu. Nilitaka kuwaangalia mikono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Karibu, kaa kivulini."

Nilimpa kile kipande. Alikigeuza, akakiinua kwenye mwanga, akaingiza ukucha kwenye tundu moja, akalivuta kidogo kupima. Kisha akasema, "Wavu huu hauna fundo."

"Hauna, mzee. Ni vitanzi vinashikana."

"Basi likikatika jicho moja, yote yanafunguka."

Akanionyesha lake. Kila jicho la wavu limefungwa kwa fundo pembe zote. Samaki akikata uzi mmoja, hasara inaishia hapo hapo, fundo la jirani linazuia. Anapitisha sindano yake pana ya kushonea, iliyosheheni uzi ndani, anauzungusha nyuma ya jicho, anaubana kwa kidole gumba, anavuta, tayari. Macho yote yanatoka saizi moja kwa sababu ana kibao chembamba anachokizungushia uzi kabla ya kufunga. Nilikaa nikimtazama mpaka kivuli kikahama.

Huo ndio utofauti wa wavu na lesi, na kwa mbunifu ni jambo kubwa. Fundo linaupa wavu usalama lakini linaunyima ulaini, hakuna mtu angejitanda wavu kichwani. Kitanzi kinateleza ndani ya kitanzi kingine, ndiyo maana kitambaa cha kufuma kinalala vizuri mwilini, na ndiyo maana kitanzi kikidondoka kinashuka safu hadi safu. Kwenye sufu kinasitasita, vinyweleo vinakishika. Kwenye pamba inayong'aa hakisiti.

Mzee alinipa dawa yake bila mimi kuomba. Alikata uzi mwembamba wa nailoni, ule wa kushonea nyavu za macho madogo, akaniwekea mkononi. "Pitisha huu ndani ya hayo macho yako kila unapofika mahali pazuri. Kikidondoka, kitaishia hapo." Wafumaji wa lesi wanafanya hivyo hivyo duniani kote, ila wengi tunatumia uzi wa cherehani, ambao wa rangi unaweza kuchujia kwenye weupe na ambao mweupe hauuoni. Nailoni ya wavu ina rangi ya kijani hafifu inayoonekana, haichuji, na inachomoka bila kukwaruza.

Akaongeza jambo nililoliandika neno kwa neno: "Baba yangu alivua na nyavu za pamba. Kila asubuhi zinaanikwa. Ukiziacha zimelowa zimejikunja, zinaoza." Nitamwambia mama mdogo asiukunje mtandio kabla haujakauka kabisa.

Aprili, baada ya hapo

Ncha ni mawimbi. Katikati je?

Mwezi ulipopungua nikapata jibu bila kulitafuta. Usiku wa giza, ukisimama mahali pa juu hapa mjini ukatazama ziwani, unaona taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za sola, nyeupe zaidi. Karibu na ufuko zinaonekana chini, na kila moja ina mwale wake unaotetemeka majini. Kadiri macho yanavyokwenda mbali zinapungua, mpaka pale ambapo hujui tena kama ni taa au ni nyota.

Hilo linaendana kabisa na matumizi. Sehemu ya kati ya mtandio ndiyo inayokaa kichwani, na hapo matundu mengi hayafai, nywele zitaonekana. Basi taa zisongamane karibu na mawimbi, zipungue kuelekea katikati, na katikati penyewe pawe patupu.

Taa moja nimeichora hivi kwenye daftari la hesabu, lile la viboksi. Tundu kubwa juu: unaunganisha vitanzi viwili kuelemea kulia, unazungusha uzi mara mbili kwenye sindano, unaunganisha viwili vingine kuelemea kushoto. Safu ya kurudi, ile mizunguko miwili unaifuma mmoja kwa mbele na mmoja kwa nyuma, la sivyo inafunguka. Vinne vimeingia, vinne vimetoka. Chini ya tundu hilo, matundu madogo matatu yanayopishana, moja kulia, moja kushoto, moja kulia. Huo ndio mwale. Mwale ukiunyoosha wima unakuwa fimbo. Ukiupishanisha hivyo, maji yanaonekana yanacheza.

Mpangilio: mistari minne ya kwanza inapishana taa sita na tano, kila taa vitanzi 24 kutoka kwa jirani yake. Minne inayofuata ni nne na tatu, nafasi ya vitanzi 36. Miwili ya mwisho ni tatu na mbili, nafasi ya 48. Kila mstari unachukua safu 12, kisha mwishoni kabisa safu 12 tupu. Jumla 132. Chini yake mawimbi, safu 120. Hiyo ni 252, nusu ya mtandio.

Nasema nusu kwa sababu kuna suala ambalo mstatili unakuletea. Ukianza ncha moja ukafuma moja kwa moja hadi ncha ya pili, upande mmoja wa kifua taa ziko juu na miale chini, upande wa pili miale iko juu ya taa. Mawimbi nayo, ncha moja ina ukingo wenye mabinuko, nyingine inakatika tu. Dawa ni kufuma nusu mbili, kila moja kutoka kwenye ncha yake kupanda, kisha kuziunganisha katikati kitanzi kwa kitanzi. Inaongeza kazi, lakini kila upande wa mtandio utaning'inia ukiwa umesimama wima inavyotakiwa.

Mei

Uzi ulifika, namba moja kwa yote matano. Sindano ni milimita 3.5, za chuma, zilizounganishwa kwa waya. Kuanzisha vitanzi nimetumia sindano pana zaidi ya milimita 4.5, kwa sababu ukingo wa mwanzo ukibana, mawimbi hayatapata nafasi ya kubinuka, na pamba haina mvutiko wa kukusamehe.

Safu moja ya mawimbi inakula kama dakika nane. Nafuma alfajiri kabla ya joto, na jioni barazani umeme ukiwepo. Mikono nimeinyunyizia poda, uzi wa pamba unashika jasho na vitanzi vinagoma kuteleza. Uzi wa mzee naupitisha kila baada ya safu 20. Kitanzi kilidondoka katika mstari wa pili wa taa wakati mtoto wa jirani aliposhika waya akitaka kujua unakwenda wapi. Kilishuka, kikakutana na nailoni, kikatulia hapo hapo. Nimekipandisha kwa sindano ya krosheti.

Kazi ya mwezi huu haina mengi ya kusimulia. Ni safu juu ya safu.

Mei, mwisho

Nusu ya kwanza imetimia. Gramu 106. Hesabu ya Machi ilisema 105. Sijaifunga, vitanzi vyake 154 vimelala kwenye uzi wa nailoni vikisubiri wenzao.

Nimeitandaza kitandani nikaitazama kwa mbali. Mawimbi yamekaa vizuri kupita nilivyotarajia, ile migongo inayapa kivuli. Mistari minne ya kwanza ya taa imeleta ule msongamano niliokuwa nautaka. Mistari miwili ya juu ina utulivu mkubwa, na nilijiuliza kama taa tatu kwa upana wote hazitaonekana kama matundu ya bahati mbaya. Nimeshika kitambaa dirishani, mwanga ukiwa nyuma yake. Miale iliyo chini yake ndiyo inayoziokoa: macho yanaona tundu, yanaona mkia wake, yanaelewa. Naziacha.

Juni, wiki ya pili

Nusu ya pili nayo tayari, na leo nimeziunganisha. Hii nimeifanya mchana, mezani, mlango ukiwa wazi.

Nusu mbili zinalala zikitazamana, kila moja kwenye sindano yake. Uzi wa kuunganishia nimeukata mara nne ya upana, karibu mita tatu, nikautunga kwenye sindano butu ya kushonea. Unapita kwenye vitanzi viwili vya upande huu, kisha viwili vya upande ule, ukifuata njia ambayo uzi ungepita kama ungekuwa unafuma safu ya kawaida. Usivute kila mara. Unaacha legelege, na kila baada ya vitanzi kumi unarudi kuulainisha kwa ncha ya sindano mpaka vitanzi vipya vilingane na majirani.

Kwa kuwa nusu mbili zinakutana vichwa kwa vichwa, vitanzi vya upande mmoja vinaangukia katikati ya vitanzi vya upande wa pili, nusu kitanzi pembeni. Haikwepeki. Kama ningekuwa na mchoro mpaka hapo, ungeonekana umevunjika. Ndiyo kazi ya zile safu 12 tupu kila upande. Nimemwita jirani anionyeshe mahali nilipounganisha, akapitisha kidole, akaonyesha pengine.

Juni, wiki ya tatu

Kufua na kutandaza. Mvua zimeisha, kiangazi kimeingia, upepo wa ziwani unakausha mchana mmoja.

Nimeulowesha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikausuuza, nikaukunja ndani ya taulo na kulikanyaga. Pamba iliyolowa usiikamue wala usiinue kwa ncha moja, itarefuka kwa uzito wa maji. Magodoro mawili ya sponji sakafuni, shuka nyeupe juu. Pembeni nimepitisha spoki mpya za baiskeli zisizoshika kutu, moja ikifuata nyingine, zinanyoosha ukingo bila kuacha meno meno ambayo pini zingeacha. Kwenye ncha, pini moja kwenye kilele cha kila wimbi, nane huku na nane kule. Rula nimeitembeza kila mahali: 70 kwa 180.

Jirani amenishauri nitie wanga wa muhogo kama tunavyofanya kwenye vitambaa vya makochi. Nimekataa kwa heshima. Wanga unafaa kitambaa kikae wima kwenye mgongo wa kochi. Mtandio kazi yake ni kulala, kufuata bega na shingo, na wanga ungeugeuza kadibodi.

Alasiri umekauka. Nilipotoa pini ulirudi kidogo, 69 kwa 178. Gramu 213.

Juni, Ujiji

Nimeupeleka. Mama mdogo alinawa mikono kwanza, akaufuta uso kwa upande wa khanga, ndipo akaupokea. Hakusema kitu kwanza, aliuinua dirishani na kuhesabu taa kwa kidole, upande mmoja. Arobaini na moja. Akaniuliza, "Na upande wa pili?" Nikamwambia ni hizo hizo. "Mashallah," akasema.

Kisha akajitanda juu ya kofia ya ndani. Akainama kama anayepokea mtoto, akainuka, akageuka huku na huku, akapeana mikono na kila aliyekuwemo sebuleni, mikono yote miwili. Mtandio ulisogea kidogo begani, kichwani haukusogea. Binti yake, bi harusi mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni akitazama. "Dada, na mimi je?"

Wa bi harusi hautawahi nikahi, amekubali uwe wa baadaye. Anataka mwembamba, wa shingoni tu. Mawimbi sita badala ya manane, vitanzi 118, sentimita kama 54. Taa anazitaka nyingi hadi katikati, kwa kuwa hauendi kichwani, na hapo pa kuunganisha itabidi nifikirie upya.

Maagizo niliyomwachia mama mdogo: aufue kwa mkono kwenye beseni, asiukamue, asiutundike kwenye kamba, autandaze juu ya mkeka wenye shuka na kuyavuta mawimbi kwa vidole yakiwa bado na unyevu. Usikunjwe mpaka ukauke kabisa. Uzi uliobaki ni gramu 37. Nimemkatia mita chache nikazizungushia kwenye karatasi ya donge ile ile yenye namba, azihifadhi pamoja na mtandio kwa siku utakapohitaji kushonewa.